Kigae cha nyuzi za kauri ni nini, na hutengenezwaje?

Kigae cha nyuzi za kauri ni kipande chepesi cha nyuzi nyembamba mno, zilizoshikanishwa kwa moto ili kuzuia joto kali lisipite upande wa pili. Vilivyopata umaarufu zaidi ni vile vilivyofunika vyombo vya anga vya Marekani vya Space Shuttle, vilivyoruka kuanzia 1981 hadi 2011. Nitaieleza dhana hii kwa kuvitumia hivyo, maana kwenye vyombo hivyo kila sifa ya kigae, nzuri na mbaya, ilionekana waziwazi.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa sana. Kustahimili joto ni jambo moja, kuzuia joto ni jingine. Tofali la tanuri linastahimili: haliyeyuki, lakini taratibu joto hulipenya mpaka upande wa nje nao ukawa wa moto. Kigae cha Shuttle kilipaswa kufanya yote mawili. Mwili wa chombo ulikuwa wa alumini, na alumini hiyo haikutakiwa kuzidi digrii 177 za Selsiasi, ilhali uso wa vigae vyeusi vya tumboni ulifikia digrii 1,260 hivi wakati wa kurudi duniani. Na joto hilo, kinyume cha wanavyodhani wengi, kwa sehemu kubwa halikutokana na msuguano. Chombo kinapoingia angahewa kwa kasi ya karibu kilomita 28,000 kwa saa, hewa iliyo mbele yake haipati muda wa kupisha. Inabanwa ghafla, na hewa ikibanwa hivyo hupata moto.

Siri ya kigae imo kwenye uwazi wake. Aina iliyotumika zaidi, LI-900 iliyobuniwa na kampuni ya Lockheed, zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake ilikuwa nafasi tupu. Mita moja ya ujazo ilikuwa na uzito wa kilo 144 tu, wakati maji ya ujazo huohuo yana kilo 1,000. Aliyelalia godoro la sufi analijua jambo hili mwilini: kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi, kuliko nyuzi zenyewe. Ndani ya kigae nyuzi zinagusana kwa vijisehemu vidogo tu, kwa hiyo joto halina njia nzuri ya kupita. Ndiyo maana mafundi waliweza kutoa kigae tanurini kikiwa bado chekundu ndani, na baada ya sekunde chache wakakishika kwenye pembe zake kwa vidole vitupu. Pembe zilikwisha poa, na joto la ndani lilikuwa linakuja polepole mno.

Utengenezaji wake wote ni kazi ya kuulinda uwazi huo. Malighafi ni silika, madini yaleyale ya mchanga, ila iliyosafishwa hadi kufikia asilimia 99.8. Usafi huo si anasa. Uchafu kidogo, hasa sodiamu, huifanya silika ianze kugeuka fuwele iitwayo kristobaliti inapopata joto kali. Fuwele hiyo hubadilika ukubwa kila inapopashwa na kupozwa, na kigae hupasuka.

Nyuzi huvurugwa kwenye maji, zikamiminwa kwenye kalibu, maji yakachujwa. Linabaki bonge laini. Huongezwa kimiminika chenye chembechembe ndogo sana za silika, ambacho ndicho gundi yake, kisha bonge hukaushwa na kuchomwa kwa karibu digrii 1,300. Katika moto huo, kila nyuzi mbili zinapogusana huungana kwa kioo. Moto ukipungua, kigae hakishikani. Ukizidi, nyuzi hulala na uwazi unapotea.

Baada ya hapo bonge hukatwa na kuchongwa kwa mashine za kompyuta. Kwa kuwa mwili wa chombo una mipindo kila mahali, kila kigae kilikuwa na umbo lake, namba yake na mahali pake. Kigae cheusi kilipakwa juu na ubavuni unga wa kioo chenye boroni na rangi nyeusi, kikachomwa tena. Weusi una kazi: hutupa joto nje kwa mnururisho.

Silika karibu haitanuki kabisa ikipata joto, alumini hutanuka sana. Vikigandishwa moja kwa moja, kigae huvunjika. Kwa hiyo vigae vilikatwa vidogo, vingi vya sentimita 15 kila upande, vikaachiwa nafasi kati yao, na chini yake ikawekwa felti, yaani kitambaa kinene cha nyuzi zilizobanwa, iliyogandishwa kwa gundi ya silikoni. Columbia, Shuttle ya kwanza kuruka angani, ilikuwa na vigae takribani 31,000. Hata hivyo sehemu ya chini ya vigae ilionekana kuwa dhaifu, kwa sababu felti iliivuta kwa nguvu kwenye vijisehemu vichache tu. Ilibidi sehemu hiyo iimarishwe kwa uji wa silika, na kazi ya vigae ilichangia sana kuichelewesha safari ya kwanza hadi Aprili 12, 1981.

Kinachopunguza uzito na kuzuia joto ndicho hichohicho kinacholeta udhaifu. Desemba 1988 Shuttle nyingine, Atlantis, iligongwa na vipande vilivyobanduka wakati wa kuruka. Vigae zaidi ya 700 viliharibika na kimoja kiling'oka kabisa. Bahati ni kwamba chini yake palikuwa na bamba nene la metali la antena. Ajali ya Columbia ya 2003, iliyoua wanaanga saba, mara nyingi husemwa ilitokana na vigae. Sivyo. Kilichotobolewa ni paneli ya kaboni kwenye ukingo wa bawa la kushoto.

Nyuzi za kauri zinazozungushiwa tanuri za viwandani ni ndugu wa hizi, ila hutengenezwa kwa kuyeyusha alumina (oksidi ya alumini) na silika pamoja, au udongo wa kaolini, kisha kupuliza ujiuji huo kwa hewa kali hadi uwe nyuzi. Hapa pana jambo la afya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeziweka nyuzi hizo kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Zikikaa motoni muda mrefu, sehemu yake hugeuka kuwa kristobaliti ileile, na vumbi lake huharibu mapafu. Fundi anayebomoa bitana kuukuu ya tanuri yumo hatarini kuliko anayefunga mpya: ailoweshe kwanza, avae barakoa ya kuchuja vumbi laini, na asiondoke na nguo zile za kazi kwenda nazo nyumbani.