Sofia si Safia la Kizungu

Mtwara ukimwita Safia "Sofia" ataitika, na huenda hata kadi yake ya kliniki imeandikwa hivyo. Ndiyo maana wengi husema ni jina moja, ila Sofia ni la Kizungu. Sivyo: ni majina mawili tofauti.

Safia ni la Kiarabu, Safiyya, lenye asili moja na neno letu "safi". Waislamu hulipenda kwa ajili ya Bi Safiyya binti Huyayy, aliyeolewa na Mtume Muhammad mwaka 628, baada ya vita vya Khaybar. Sofia ni la Kigiriki: hekima. Hagia Sophia ya Istanbul, iliyojengwa kama kanisa na kukamilika mwaka 537, iliwekwa wakfu kwa Hekima Takatifu, wala si kwa mtakatifu wa kike (hilo nalo hukosewa sana).

Usishangae kumkuta Sofia Mwislamu Mikindani na Sofia Mkristo Ndanda. Wazazi huchagua linalowapendeza masikioni. Ila mwenye cheti cha kuzaliwa cha Safia na cha shule cha Sofia huenda akazungushwa, atakiwe kuleta hati ya kiapo aliyoapa mbele ya wakili.