Skripti Iliyoitangulia Diski

Seva ya Linux ninayoitunza katika ofisi moja hapa Lamu, si mbali na Mkunguni, hunakili mafaili yake kwenye diski ya nje kila inapowaka, kwa skripti, yaani faili la amri linalojiendesha lenyewe. Mwezi uliopita karani alinipigia simu akaniambia, "Fundi, mashine yasema diski imejaa." Nilipoendesha df -h, amri inayoonyesha nafasi ya kila diski, nilikuta diski ya nje, iliyopachikwa kwenye /hifadhi (yaani, yaliyomo huonekana kupitia saraka, au folda, hiyo), ina nafasi tele, ilhali diski kuu imefika asilimia 100.

Umeme ukikatika na kurudi, seva huwaka upesi kuliko diski ya nje inavyotambuliwa. Skripti ilipoanza, /hifadhi ilikuwa saraka tupu tu ndani ya diski kuu, nayo ikaandika humo bila kulalamika; diski ilipopachikwa baadaye, ilizifunika zile nakala kama mkeka uliotandikwa juu ya pesa. Ili kuufunua mkeka bila kuondoa diski, nilitumia mount --bind / /mnt, inayoionyesha diski kuu yenyewe katika saraka nyingine, kisha du -sh /mnt/hifadhi kupima ukubwa wa yaliyomo, na gigabaiti zote zilizopotea zikaonekana. Nayo journalctl -b, inayoonyesha kumbukumbu za tangu mashine iwashwe, ilithibitisha mfuatano wenyewe: skripti ilianza kabla ya hifadhi.mount, kazi ya kuipachika diski, kukamilika.

Chanzo kilikuwa neno nofail katika /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa; neno hilo huiruhusu mashine iendelee kuwaka hata diski ikikosekana. Sikulilaumu, kwa sababu bila neno hilo systemd, programu inayosimamia uwashaji wa mashine na huduma zake, huisubiri diski isiyokuwepo kwa sekunde 90, kisha huiingiza mashine katika hali ya dharura, na seva isiyo na skrini ikifika hapo huna budi kuiendea kwa miguu. Lakini nofail huondoa pia sharti kwamba diski ipachikwe kabla ya local-fs.target, hatua ya uwashaji ambapo diski zote za mashine huwa tayari, kwa hiyo huduma zinazofuata haziisubiri tena.

Aliyenitangulia alikuwa ameweka sleep 30 mwanzoni mwa skripti. Dawa hiyo siipendi hata kidogo: ni kukisia tu, na siku diski itakapochukua sekunde 31 tutarudi pale pale. Mimi niliongeza mstari mmoja katika sehemu ya Unit ya faili la huduma ya systemd inayoiendesha skripti hiyo, RequiresMountsFor=/hifadhi, nikaendesha systemctl daemon-reload ili systemd iusome. Mstari huo huifanya huduma iisubiri diski ipachikwe, na upachikaji ukishindikana huduma haianzi kabisa. Kwa skripti zinazoendeshwa na cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, ambazo hazina pa kuandika sharti kama hilo, nimetanguliza mountpoint -q /hifadhi || exit 1, inayoisimamisha skripti ikiwa hakuna kilichopachikwa hapo.

Mwisho nilizihamisha nakala zilizofichika, nikaondoa diski na kuipiga saraka tupu chattr +i, amri inayoizuia isibadilishwe, ili hata root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, asiweze kuandika ndani yake diski isipokuwepo. Kisha nikachomoa waya wa diski makusudi na kuwasha seva upya: iliwaka baada ya kusubiri, huduma ya nakala haikuanza, na sababu ilikuwa imeandikwa waziwazi katika journalctl.