Hajaruka, Lakini Umeshamsumbua

"Hajaruka, kwa hiyo hana shida na mimi." Maneno haya nayasikia kwa karibu kila kundi ninalolifundisha kupiga picha za ndege wa majini, na anayeyasema huwa ameshasogea hatua kadhaa kupita alipopaswa kuishia.

Kuruka ni jambo la mwisho kabisa. Muda mrefu kabla ya hapo ndege huwa ameshaacha kuwinda. Mtazame koikoi, yule ndege wa majini mwenye shingo na miguu mirefu, akiwa kazini: shingo imekunjwa kama herufi S, kichwa kiko mbele, mdomo umeelekea majini. Mkaribie mno uone. Shingo inanyooka wima na kuwa nyembamba, manyoya yanalala mwilini, mdomo unakuwa sambamba na maji, na jicho moja linakugeukia. Watu humwona hivyo wakafurahi kwamba anapozi. Hapozi! Anapima umbali uliobaki kati yenu. Akipiga hatua mbili za kando, hata kama ni za taratibu, tayari anakukimbia.

Vitwitwi, ndege wa ufukweni wanaodonoa chakula topeni, ni wagumu zaidi kuwasoma kwa sababu huendelea kudonoa. Angalia kichwa. Akidonoa kidogo akainua kichwa, akadonoa tena akainua, chakula anakipata nusunusu, na nusu iliyobaki umeichukua wewe.

Na muda wenyewe hana. Tope la ufukweni hufunuka kwa saa chache tu maji yakipwa, kisha hufunikwa tena. Wengi wa ndege hawa ni wasafiri: mwaka 2022 ndege mchanga wa jamii ya vitwitwi, aliyefungwa kifaa cha satelaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, takriban kilomita 13,560, bila kutua. Mafuta ya safari za namna hiyo hupatikana topeni, mnyoo mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana nakasirika mtu anapowarusha kundi zima kwa ajili ya picha moja, tena picha ya migongo.

Usimfuate ndege. Fika maji yakiwa bado yamepwa, chagua mahali, kaa chini au lala kifudifudi, kisha usubiri. Maji yakianza kujaa yatawasukuma polepole kuelekea uliko, na ndege aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe anaendelea kula mbele yako. Hakikisha tu bahari haikuzibii njia ya kurudi. Wakishakusanyika kupumzika maji yakiwa yamejaa, waache.

Yapo na maneno mengine ninayoyasikia kwa makundi hayo. "Koikoi amesimama tu, hafanyi kitu." Anafanya. Mwanga hupinda unapotoka majini, kwa hiyo samaki huonekana juu kidogo kuliko alipo, na koikoi lazima alenge huku akifidia tofauti hiyo. Anayemrushia kijiwe ili achangamke, sitaki kukaa naye ufuko mmoja.

"Wote huwinda kwa macho." La. Korongo domo-njano hutumbukiza mdomo ukiwa wazi kiasi, na kitu kikiugusa, anaufunga papo hapo. Maji machafu hayamzuii, kwa hiyo usiyapite madimbwi ya tope. Yangeyange mdogo naye hutetemesha vidole vyake vya njano chini ya maji ili samaki wakurupuke. Ukiona mguu unatetemeka, kidole chako kiwe tayari juu ya kitufe cha kamera.

"Shata ya 1/500 inatosha." Yaani kipazia cha kamera kifunguke kwa 1/500 ya sekunde tu. Kwa ndege aliyetulia, sawa. Kwa shingo inayofyatuka kama mkuki, anza na 1/2000 ya sekunde na upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila woga. Chembechembe zinazotokea kwenye picha hupunguzika baadaye kwenye kompyuta, lakini ukungu wa mwendo hukaa palepale.

"Ndege mweupe, ongeza mwanga." Hii ni kweli pale tu mandhari yote yanapong'aa. Yangeyange akisimama mbele ya maji meusi, kamera hudanganywa na lile giza, inaongeza mwanga yenyewe, na manyoya yanaungua yote kuwa bapa jeupe. Hapo punguza, kisha kagua histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha kwenye kamera, kabla hujaendelea. Manyoya yaliyoungua hayarudishwi na programu yoyote.