Giaboksi Otomatiki Hufa kwa Joto: Dhana Potofu Kuhusu Pikapu za Dizeli Zinazovuta Matela

Fundi alipolegeza nati ya chini ya giaboksi, alitandika kitambaa cheupe ili tuone rangi ya tone la kwanza. Lilidondoka jeusi kama kahawa ya kijiweni, na harufu iliyopanda ilikuwa ya mkate uliosahauliwa kwenye mkaa. Mwenye pikapu, ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akivuta tela la jenereta na vyombo vya muziki kutoka Dar es Salaam kwenda kwenye harusi za Morogoro, Iringa na hata Njombe, aliuliza kwa upole: “Fundi, si niliambiwa haya ni mafuta ya maisha, hayabadilishwi?” Gari lilikuwa limetembea kilomita 118,000. Injini yake ya dizeli ya lita 3.0 ilikuwa bado inanguruma vizuri, ila gia ya tatu ilikuwa inateleza na ya nne haiingii kabisa.

Kabla sampu, yaani bakuli la mafuta lililo chini ya giaboksi, haijafunguliwa, kila aliyesimama pale gereji alikuwa ameshatoa hukumu yake, na karibu hukumu zote zilikuwa zile ambazo mtu huzisikia popote pikapu ya namna hii inapokufa gia kabla ya wakati.

“Otomatiki ni dhaifu, anayevuta mzigo anunue gia za mkono”

Karatasi za vipimo za watengenezaji zinasema kinyume. Toyota Hilux ya lita 2.8 iliyotoka mwaka 2015 ilipewa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya newtoni mita 450 ikiwa na giaboksi otomatiki, lakini ikiwa na gia za mkono injini hiyo hiyo ilibanwa hadi 420. Maboresho ya mwaka 2020 yaliipandisha ya otomatiki hadi 500 na kuiacha ya mkono palepale ilipokuwa. Nchini Marekani, ambako kuvuta matela ni shughuli ya kila siku, tofauti ilikuwa kubwa zaidi: katika Ram ya mwaka 2018 yenye injini ya Cummins ya lita 6.7, otomatiki iliyo imara kuliko zote ilikabidhiwa torki ya karibu newtoni mita 1,260, huku ya gia za mkono ikiishia 895 hivi, na mwaka uliofuata gia za mkono zikaondolewa kabisa kwenye pikapu hizo.

Hata hivyo, dhana hii haikuota hewani. Mwaka 1989 Dodge waliiweka injini ya Cummins ya lita 5.9, yenye torki ya newtoni mita 540 hivi inayopatikana kwenye mizunguko ya chini, mbele ya otomatiki ya gia tatu ambayo ukoo wake ulianza mwaka 1962 kwenye magari ya petroli. Giaboksi hiyo haikuwa na klachi ya kufungia konveta, chombo cha mafuta kinachoiunganisha na injini, ambacho nitakieleza hapa chini. Wazee waliozitumia otomatiki za kizazi kile wana haki ya kulalamika, ila lawama hiyo haiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye giaboksi ya gia sita au kumi ya leo.

“Uzito wa tela ndio unaovunja gia”

Hapa ndipo kiini cha jambo lenyewe kilipo. Meno ya gia kuvunjika kwa uzito ni tukio la nadra sana kwenye otomatiki. Kinachokufa ni lainingi za pleti za klachi, yaani utando wa msuguano uliobandikwa juu ya pleti, sili za mpira na mafuta yenyewe, na vyote hivyo huuawa na joto.

Kati ya injini na giaboksi otomatiki hakuna klachi kavu kama ile ya gia za mkono, bali kuna konveta, yaani chombo cha mviringo kilichojaa mafuta, ambamo mapanga yanayozungushwa na injini huyasukuma mafuta ili yazungushe mapanga ya upande wa pili. Gari linapoanza kuondoka, upande wa injini huzunguka haraka kuliko upande wa pili, na kwa sababu kuna mapanga ya katikati yanayoyageuza mafuta yarudi kwa mwelekeo unaosaidia, torki inaweza kukaribia kuongezeka mara mbili. Ndiyo sababu otomatiki huondoka mlimani na tela bila mtikisiko. Lakini ile tofauti ya mwendo kati ya pande mbili haipotei bure: inageuka joto ndani ya mafuta. Injini ikitoa kilowati 100 na konveta ikapitisha asilimia 80 tu, kilowati 20 zinabaki kwenye mafuta, na hizo ni sawa na birika 10 za umeme za kilowati 2 zinazochemka kwa pamoja chini ya sakafu ya gari.

Otomatiki za kisasa zina klachi ndogo ndani ya konveta ambayo, gari likishachanganya, hufunga pande zote mbili zizunguke kama kitu kimoja. Ikishafunga, mteleza unaisha na joto linashuka. Kwa hiyo swali la kujiuliza, kabla hata ya kuuliza tela lina kilo ngapi, ni konveta imeendeshwa kwa muda gani ikiwa haijafunga. Tela la tani 2 linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare za Mikumi, konveta ikiwa imefunga, linaweza lisilete madhara yoyote. Tela hilo hilo likipanda Kitonga nyuma ya lori la mafuta linalokwenda Tunduma, kwa mwendo wa mtu anayetembea, likisimama na kuondoka kila baada ya kona, linayapika mafuta yote kabla ya kufika juu. Hata upepo wa kupoza haupo, kwa sababu gari halikimbii.

Mafuta ya giaboksi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzijoto 80 na 95 za Selsiasi. Kanuni ya makadirio wanayoitumia mafundi ni kwamba kila nyongeza ya nyuzi 10 hivi juu ya 80 hupunguza umri wa mafuta kwa nusu. Yakizidi 115 huanza kuacha utando kama vanishi kwenye vali, na joto likiendelea kupanda sili hukauka na kuwa ngumu, shinikizo linavuja, pleti zinakosa kubanwa sawasawa, zinateleza, na mteleza huo unazalisha joto jingine juu ya lile la kwanza. Dereva husikia dalili ya kwanza pale gia inapochelewa kuingia, na kwa kawaida wakati huo lainingi zimeshaanza kuungua.

“Mshale wa joto uko katikati, kwa hiyo gari liko salama”

Mshale huo unasoma joto la kulanti, yaani maji ya kupoza injini, na hausemi lolote kuhusu giaboksi. Taa ya joto la giaboksi, kwa magari yaliyo nayo, huwaka kwenye kiwango ambacho madhara yameshaanza, na sensa nyingi husoma mafuta ya kwenye sampu, ambayo yameshachanganyika na yale yaliyopoa, wakati yanayotoka kwenye konveta yana moto zaidi. Kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani na kuzungumza na programu ya simu kinaweza kuonyesha joto la giaboksi kwa namba, mradi programu hiyo inaifahamu aina ya gari. Bei yake haifikii hata sehemu ndogo ya gharama ya kufungua giaboksi, na sioni sababu ya mtu anayevuta tela kila wiki kukosa kuwa nacho.

“Weka D, gari linajua lenyewe”

Kompyuta ya giaboksi inajua mengi, lakini haiuoni mlima ulio mbele wala haijui kwamba lori la mbele yako litasimama kwenye kona. Ukiiacha D huku unavuta, itakimbilia gia ya juu ili kuokoa dizeli, kisha mlima kidogo tu utailazimisha kushuka, ipande tena, ishuke tena. Na kila inapobadili, mara nyingi klachi ya konveta hufunguka. Kama gari lina kitufe cha hali ya kuvuta, kibonyezwe kabla ya safari, kwa kuwa huchelewesha kupanda gia na kuifanya konveta ifunge mapema. Kama halina, mkono wa gia usogezwe kwenye hali ya kuchagua mwenyewe na dereva aizuie gia ya juu. Injini ya dizeli kuzunguka mara 2,300 kwa dakika ikiwa katika gia ya nne si mateso kwake. Kinyume na wanavyoamini wengi, kuikandamiza kwa mizunguko 1,300 katika gia ya sita ndiko kunakoichosha giaboksi.

Kwenye msongamano wa mlimani, ni afadhali kusubiri nafasi ya mita 50 ifunguke kisha uondoke mara moja kuliko kusogea mita 2 kila nusu dakika. Kulishikilia gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta badala ya breki ni kosa kubwa kuliko yote, kwa kuwa pale konveta hupokea nguvu bila kuipeleka popote. Na ukifika kileleni ukaamua kupumzika, weka P, acha injini iungurume dakika chache ili pampu iendelee kuyapitisha mafuta kwenye kipoza, ndipo uzime.

“Mafuta ya maisha”, “mekundu yote ni sawa”, na “ukiyabadilisha utaiua”

Dhana hizi tatu husafiri pamoja.

Neno “maisha” lilihesabiwa kwa matumizi ya kawaida. Vitabu vingi vya watumiaji vina sehemu ya matumizi magumu, na kuvuta tela hutajwa humo waziwazi kuwa sababu ya kufanya matengenezo mapema. Giaboksi nyingi za sasa hazina kijiti cha kupimia, jambo lililowafanya watu waamini kwamba hazihitaji kupimwa. Ukweli ni kwamba hupimwa kwa kufungua tundu la kumwagikia injini ikiwa inaunguruma na mafuta yakiwa kwenye joto alilolitaja mtengenezaji. Fundi anayejaza kwa kukadiria, gari likiwa limepoa na kuzimwa, hawezi kujua ameweka kiasi gani.

Wekundu ni rangi tu iliyotiwa ili mvujo utambulike. Mafuta ya Dexron III ya zamani ni mazito kuliko yale membamba ya leo, na hata ndani ya jina moja kuna tofauti: giaboksi ya Ford ya gia sita hutumia Mercon LV, ya gia kumi hutumia Mercon ULV ambayo ni membamba zaidi, na hayabadilishani. Viungo vinavyoamua jinsi pleti zinavyoshikana navyo hutofautiana. Anayeuza dumu lisilo na maandishi kwa kusema “hii ni haidroliki, inaingia kote” anauza kubahatisha.

Kuhusu mafuta mapya kuua giaboksi ya zamani, kuna chembe ya ukweli iliyoeleweka vibaya. Giaboksi ambayo lainingi zake zimeisha huwa na unga mwingi ulioelea kwenye mafuta, na ikimwagwa baada ya kupuuzwa kwa muda mrefu, ubovu hudhihirika siku chache baadaye. Ilikuwa inakufa tayari. Kwa yule ambaye hajachelewa, ni vyema kujua kwamba kumwaga mara moja hutoa theluthi hadi nusu tu ya mafuta, kwa sababu mengine hubaki ndani ya konveta. Kurudia baada ya kilomita elfu chache, pamoja na kubadili filta, huyasafisha taratibu bila mshtuko.

“Karatasi imesema inavuta kilo 3,500”

Karatasi hiyo hiyo ina namba nyingine ambayo wauzaji hawaitaji: uzito wa pikapu na tela kwa pamoja. Chukua Ford Ranger ya lita 3.2 ya kizazi cha PX, ambayo kikomo chake cha pamoja ni kilo 6,000. Ukivuta kilo 3,500, pikapu yenyewe, pamoja na dereva, abiria, dizeli na mizigo ya bodi, haipaswi kuzidi 2,500, wakati ikiwa tupu tayari ina tani 2 na ushei. Spika mbili kubwa na vijana wanne wa kufunga mitambo wanatosha kuivusha mpaka. Tena hizo 3,500 ni kwa tela lenye breki zake. Lisilo na breki, kikomo cha pikapu nyingi za daraja hili ni kilo 750.

“Ongeza nguvu kwenye kompyuta, itavuta bila shida”

Programu ya kuongeza torki huiongezea injini bila kuiongezea giaboksi shinikizo la kubana pleti, na ongezeko kubwa huja kwenye mizunguko ya chini, pale pale klachi ya konveta inapohangaika. Kwa gari linalovuta, hii ni njia fupi ya kurudi gereji.

“Giaboksi ya mtumba kutoka Dubai itamaliza kazi”

Ndivyo alivyofanya mwenzetu wa vyombo vya muziki, na sikumlaumu, kwa kuwa kuijenga upya ya kwake kungemgharimu zaidi na vipuri vilikuwa havijafika. Giaboksi iliyoletwa ilikuwa nzima. Ila fundi wa mwanzo alitaka kuifunga siku hiyo hiyo, kipoza na mabomba yakiwa yale yale, ilhali unga wa lainingi na vipande vidogo vya chuma kutoka giaboksi iliyokufa hujificha humo na kurudi kwenye mpya mara tu mafuta yanapoanza kuzunguka. Kwenye gari hili kipoza kilikuwa ndani ya rejeta, nacho kina hatari yake ya pili: ukuta wake ukitoboka, kulanti huingia kwenye mafuta, yanageuka kama maziwa ya waridi, na gundi inayoshika lainingi kwenye pleti huachia.

Rejeta ilibadilishwa, mabomba yakasukumwa kwa mafuta safi hadi yakatoka mekundu upande wa pili, na mbele ya rejeta kikafungwa kipoza cha nje chenye feni yake. Safari ya kwanza alikwenda Iringa na tela lake, simu imebandikwa kwenye dashibodi. Saa tisa alasiri alinitumia picha kutoka juu ya Kitonga: nyuzi 104. Akauliza kama asimame. Nikamjibu aweke P, asizime, na anitumie nyingine baada ya dakika tano. Ya pili ilisoma 91.