Tartani ya ukoo: maana yake, na inavyovaliwa kwenye harusi ya Kiskoti

Anayeiona tartani kwa mara ya kwanza atasema ni kitambaa cha drafti, na hatakuwa amekosea sana. Ni sufu iliyofumwa kwa nyuzi za rangi, mistari ikikatana na kufanya miraba. Tofauti iko kwenye hesabu. Mfumi wa tartani hufuata orodha, tuseme nyuzi 4 nyeusi, 24 za kijani, 2 nyeupe, na kuendelea. Akifika mwisho wa orodha hugeuka na kurudi nayo kinyumenyume. Orodha hiyohiyo huhesabiwa kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu, na kwenye mshindio, zile zinazopita kukata. Rangi unaweza kuikoleza au kuipausha, mraba unaweza kuukuza au kuupunguza, na tartani ikabaki ileile. Uwiano wa nyuzi ukiguswa, hiyo ni tartani nyingine, na pengine ina wenyewe.

Kila uzi hupita juu ya nyuzi mbili na chini ya mbili, hivyo ukisogeza jicho karibu utaona vijistari vya mshazari. Uzi mwekundu ukikutana na wa kijani hutokea rangi ya tatu ambayo hakuna aliyeipika kwenye sufuria. Nyuzi za rangi 6 huzaa michanganyiko 15, kwa hiyo kitambaa kimoja kinabeba rangi 21. Ndiyo sababu tartani ya kufumwa ina uhai ambao mimi sijauona kwenye ile ya kuchapwa.

Sasa neno “ukoo”. Kwa Kigaeli, lugha ya Nyanda za Juu za Uskoti, ukoo ni *clann*, na maana yake ni watoto. “Mac” mwanzoni mwa majina yao ni mwana wa, kama “bin” kwetu: MacDonald ni bin Donald. Abiria wa basi la Mombasa–Nairobi hupita mji wa Mackinnon Road bila kufikiri kwamba jina hilo ni la ukoo wa Kiskoti wenye tartani yake. Lilifika pwani kwa sababu ya Sir William Mackinnon, mzaliwa wa Campbeltown aliyeongoza kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki tangu 1888. Ukoo wenyewe haukuwa wa damu tupu. Palikuwa na chifu, ndugu zake, na familia nyingi zenye majina mengine zilizoishi chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo mtu asiye na “Mac” kwenye jina lake anaweza kukuta familia yake imehesabiwa kwenye ukoo fulani, na akavaa tartani ya ukoo huo bila kuiba cha mtu.

Wengi huamini kwamba kila ukoo ulikuwa na tartani yake tangu enzi za mababu. Historia haisemi hivyo. Martin Martin, mtu wa kisiwa cha Skye, aliandika mwaka 1703 kwamba mistari ilitofautiana kisiwa kwa kisiwa, kiasi kwamba ungeweza kukisia mtu katoka wapi. Alichozungumzia ni mahali. Tarehe 16 Aprili 1746 wapiganaji wa Nyanda za Juu walioasi mfalme walishindwa vibaya kwenye vita vya Culloden, na serikali ya London ikapiga marufuku mavazi yao. Kuanzia Agosti 1747, mwanamume au mvulana aliyekutwa na kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume, alifungwa miezi 6. Akirudia, alipelekwa ng’ambo kama mfungwa miaka 7. Walioachwa ni wanajeshi wa mfalme. Sheria hiyo ilifutwa 1782, baada ya miaka 35. Mtoto aliyezaliwa ilipoanza alikuwa mtu mzima, pengine mwenye watoto, kabla hajaruhusiwa kuvaa vazi la babu yake.

Kilichofuata kilijengwa upya, na kwa haraka. Mwaka 1815 jumuiya ya watu wa Nyanda za Juu waishio London iliwaandikia machifu walete vipande vya tartani za koo zao, na baadhi yao walilazimika kuulizia ni ipi. Wafumaji wa Bannockburn, familia ya Wilson, walikuwa na vitabu vya mifumo mingi, mingine ikiwa na namba tu, ambayo baadaye ilipewa majina ya koo. Mfalme George IV alipozuru Edinburgh Agosti 1822, mwandishi Walter Scott akiandaa sherehe, kila mkubwa alitaka aonekane na tartani yake. Mwaka 1842 ndugu wawili walichapisha kitabu cha tartani wakidai wamenakili hati ya kale ambayo hawakuionyesha kamwe; baadhi ya koo zinavaa mifumo ya kitabu hicho hadi leo.

Wapo wanaosoma habari hizi wakasema basi tartani ya ukoo ni uzushi. Sikubaliani nao. Kanga nayo ni nguo ya karne ya 19, na hakuna anayethubutu kumwambia bibi harusi wa pwani kwamba kisutu si mila. Vizazi vimezikwa na vimeozeshwa na tartani hizi. Zimekuwa kweli kwa kuvaliwa.

Harusini, bwana harusi ndiye mwenye mzigo mkubwa wa kitambaa. Kilti kamili hula takriban yadi 8, yaani mita 7 na ushee, zikunjwe marinda nyuma na kuachwa bapa mbele, upindo ukifika katikati ya goti. Fundi mzuri hukunja marinda hivi kwamba mistari inaendelea nyuma kana kwamba kitambaa hakijakunjwa. Juu huvaliwa koti fupi, kiunoni hutangulia kipochi cha ngozi, na kwenye soksi ndefu huchomekwa kisu kidogo. Ipo pini pia kwenye ncha ya kilti. Ipite tabaka la juu tu. Wageni wengi huibana kwenye tabaka zote mbili na kukiharibu kitambaa.

Bibi harusi kwa kawaida huvaa gauni jeupe, na tartani huingia kama mshipi mpana wa begani. Hapa ndipo pananigusa zaidi. Baada ya viapo, mtu wa upande wa bwana harusi, mara nyingi mama mkwe, humwendea bibi harusi na kumbandika mshipi wa tartani ya ukoo wao. Tangu hapo ni mtoto wa nyumba hiyo. Kwa mwongozo unaokubalika Uskoti, mshipi hukaa bega la kulia. Bega la kushoto ni la mke wa chifu au wa kamanda wa kikosi. Mwanamke aliyeolewa nje ya ukoo wake akitaka kubaki na tartani ya baba yake, anaruhusiwa: huupitisha mshipi begani kulia na kuufunga kwa fundo kubwa kwenye nyonga ya kushoto. Ukiona fundo hilo, unajua amekuja na kwao.

Maharusi wengine hawachagui ukoo mmoja. Huchukua utepe wa tartani ya kila upande, wakashikana mikono, na mfungishaji akaifunga kwa tepe zote mbili. Sisi tunaosema “kufunga ndoa” hatuhitaji kufafanuliwa.

Majina ya rangi huwapotosha wanunuzi. Tartani iliyoandikwa “ya kale” ina rangi zilizofifia mithili ya zile za mimea, na “ya kisasa” ina rangi nzito; mfumo ni ule ule na umri ni ule ule. “Ya uwindaji” huelekea kijani na kahawia, na “ya sherehe” ina nyeupe nyingi, ndiyo maana inakaa vizuri kando ya gauni.

Asiye na ukoo je? Hakuna sheria ya kumzuia mtu kuvaa tartani ya ukoo, kuna adabu tu. Ile ya Balmoral, iliyobuniwa 1853, imehifadhiwa kwa familia ya kifalme. Black Watch, tartani ya kikosi cha jeshi cha Uskoti, ni ya yeyote, miji kama Aberdeen na Edinburgh ina zake, na Waislamu, Wasikh na Wayahudi wa Uskoti wana zao. Anayetaka kubuni mpya huiandikisha kwenye rejista rasmi iliyofunguliwa Edinburgh mwaka 2009.

Mshipi wa bibi harusi hushikwa na pini ya fedha, na inayopendwa kwa harusi ni yenye umbo la moyo na taji, ambayo zamani iliuzwa kwenye vibanda vya kufungwa kwa kufuli karibu na kanisa la St Giles, Edinburgh. Akijifungua, pini hiyohiyo hubandikwa kwenye shali ya mtoto wa kwanza, kumkinga na kijicho.