Ramones na ule wimbo wa kuikumbuka redio, watu wanavyosema na ilivyokuwa

Ukichambua mitumba lazima utakutana na ile fulana nyeusi yenye nembo ya ndege tai katikati na majina manne yamezunguka, Johnny, Joey, Dee Dee, Tommy. Wengi wanaivaa wakidhani ni brand ya nguo, na mimi siwalaumu. Ni bendi ya panki, yaani rock ya kasi isiyo na mapambo, kutoka Queens, New York, walianza 1974, na wana wimbo unaitwa Do You Remember Rock 'n' Roll Radio? ambao kila ukiutaja kwa wapenda muziki unaletewa stori, zingine kweli zingine ndo hivyo tena.

Eti ni ndugu wa tumbo moja. Hapana. Joey ni Jeffrey Hyman, Johnny ni John Cummings, Dee Dee ni Douglas Colvin, na Tommy kazaliwa kabisa Budapest, Hungary. Ramone ni jina la kujipa tu, Dee Dee alilitoa kwa Paul McCartney ambaye enzi za mwanzo za Beatles aliwahi kujiita Paul Ramon. Na kwa wale wanaosikia panki wanawaza kinyozi, hawa jamaa hawakunyoa panki hata siku moja, wao ni manywele yaliyofunika macho, jaketi la ngozi na jinzi zilizochanika magoti.

Sasa hapo kwenye Beatles ndo inakuja dhana kubwa kuliko zote, kwamba panki ilikuja kuzika muziki wa zamani kwa hiyo wimbo wa kukumbuka enzi ni usaliti. Jamani, sikiliza albamu yao ya kwanza ya 1976, dakika kama 29 tu, utakuta humo wamerudia Let's Dance ya Chris Montez, zilipendwa ya 1962! Walichokuwa hawakitaki ni ule muziki wa miaka ya 70 wenye solo za gitaa zisizoisha, ya zamani waliyapenda mpaka basi. Ndani ya huu wimbo wa redio Joey, mwimbaji wao, anawataja mpaka watangazaji, Alan Freed na Murray the K, watu ambao mtoto wa Marekani wa miaka ile alijifunzia muziki kwao, redio chini ya shuka mama asisikie.

Alaf kuna wanaosema ni maombolezo ya John Lennon wa Beatles manake jina lake limo. Lennon aliuawa Desemba 1980, albamu yenye huu wimbo, End of the Century, ilitoka Februari mwaka huohuo. Wakati anaimbwa alikuwa mzima anadunda.

Wengine wanauchukulia kama wimbo wa mzee anayelalamika ujana umepita. Hapa ndo nabishana na watu kila siku. Joey hakuwa hata na miaka 30! Sikiliza katikati, anasema siku hizi nyimbo zote anazisikia zinafanana na inabidi kitu kibadilike upesi, kabla rock haijawa historia. Huyo analalamikia redio ya leo yake, redio ambayo nyimbo za bendi yake ilikuwa haizipigi, kwa hiyo anaikumbusha ilikotoka. Ni madai kwa kweli, ila yamevalishwa nguo za sherehe, saksofoni, kinanda, na mwanzoni sauti ya mtangazaji kama vile umewasha redio ya 1964.

Hizo saksofoni ni mkono wa prodyuza Phil Spector, na hapo ndo stori ya bastola, kwamba aliwashikia bunduki studio mpaka wakamaliza. Dee Dee alisema walitolewa silaha, Marky, aliyekuwa kwenye dramu wakati huo badala ya Tommy, akakataa, kasema bunduki zilikuwepo ila hakuna aliyetekwa. Kilicho wazi ni kwamba alimrudisha Johnny masaa kwa masaa kupiga mpigo uleule mmoja wa gitaa wa wimbo mwingine, na kwa mtu aliyezoea kumaliza albamu ndani ya siku chache hiyo nayo ni bastola.

Na la mwisho, kwamba wimbo ulitikisa chati. Wapi! Albamu ilifika namba 44 Marekani na hiyo ndo ilikuwa juu kabisa kwao maisha yote, na kilichoingia kumi bora Uingereza ni Baby, I Love You, wimbo wa kurudia ambao katika bendi aliyesikika humo ni Joey peke yake. Heshima ilichelewa. Bendi ya rock ya Kiss wakaurudia huu wa redio 2003, Joey na Dee Dee wameshafariki. Johnny akafuata 2004. Ile albamu yao ya kwanza ikaja kupewa dhahabu, yaani nakala laki tano Marekani, Aprili 2014, miaka 38 baadaye, na kati ya wale wanne wa kwenye fulana aliyekuwa hai kuiona ni Tommy tu, naye akafariki Julai.