Square Enix na waliopunguzwa kazi: tunayoyasema mashabiki, na hali ilivyo

Novemba 2025 Square Enix, kampuni ya Kijapani inayotengeneza gemu za Final Fantasy, Dragon Quest na Kingdom Hearts, ilitangaza kwamba inapanga upya shughuli zake za nje ya Japani na kurudisha kazi ya kutengeneza gemu nyumbani. Shabaha iliyotajwa ni kubana matumizi kwa zaidi ya yeni bilioni 3 kwa mwaka. Vyombo vya habari vya gemu viliripoti kuwa Uingereza peke yake ajira zinazofikia 137 zilikuwa hatarini. Mei 2024 ofisi za Marekani na Ulaya zilikuwa zimeshapitiwa na fagio hilohilo. Mara zote mbili mashabiki tulisema mengi, na mengi kati ya hayo hayana mashiko. Naona ni vizuri yajibiwe, kwa sababu yanayoongozwa na hasira huishia kumwangukia mtu ambaye tayari amepoteza riziki yake.

“Kampuni imefilisika, Final Fantasy ndiyo basi tena”

Haijafilisika. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, mauzo ya Square Enix yalishuka, lakini faida ya uendeshaji ilipanda na kupita yeni bilioni 40. Kampuni ina Final Fantasy XIV, ambayo wachezaji wake hulipa kila mwezi. Ina kumbi za gemu za Taito, iliyoinunua mwaka 2005. Ina pia idara ya manga, ileile iliyochapisha Fullmetal Alchemist.

Panapovuja ni kwenye gemu kubwa za konsoli (mashine za kuchezea gemu, kama PlayStation), zile zinazokula miaka na pesa nyingi kabla hazijaingiza hata yeni moja. Masika ya 2024 kampuni iliandika hasara ya takriban yeni bilioni 22.1 kwa ajili ya gemu zilizokuwa bado jikoni na zikafutwa. Muda mfupi baadaye rais wake, Takashi Kiryu, alitoa mpango wa miaka mitatu: gemu chache zaidi lakini bora zaidi, zitoke kwenye mashine nyingi badala ya moja. Kupunguza watu kulikuja ndani ya mpango huo. Ni uamuzi uliofanywa na kampuni yenye faida, na ndiyo maana una haki ya kuhojiwa.

“Wajapani hawafukuzi watu, haya ni mambo ya Wamarekani”

Hii ndiyo dhana yenye mizizi mirefu kuliko zote, na inashikilia kwa sababu nusu yake ni kweli. Sheria ya Mikataba ya Kazi ya Japani, kifungu cha 16, inabatilisha kufukuzwa kazi kusiko na sababu ya msingi inayokubalika katika jamii. Kampuni ikitaka kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi, mahakama huangalia mambo manne: kama kweli kulikuwa na ulazima, kama njia nyingine zilijaribiwa kwanza, kama waliochaguliwa walichaguliwa kwa haki, na kama wafanyakazi walielezwa na kushauriwa ipasavyo. Mwajiri wa Tokyo hawezi kuamka Jumatatu akampa mtu sanduku la kubebea vitu vyake.

Mwisho wa ulinzi huo ni mpaka wa Japani. Aliyeajiriwa London au Los Angeles yuko chini ya sheria za huko, na katika sehemu kubwa ya Marekani mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu yoyote. Kwa hiyo kampuni ya Kijapani inapobanwa, panapokatika kwa urahisi ni nje. Kabla ya kuungana na Enix mwaka 2003, Square ilikuwa na studio ya filamu Honolulu. Filamu yake ya mwaka 2001 ilipopata hasara kubwa, studio hiyo ilifungwa.

Kila habari ya namna hii inapotoka, kuna shabiki atakayemtaja Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo, kampuni nyingine ya gemu ya Japani, na ana haki ya kumtaja. Mapema 2014, mashine yao ya gemu ya Wii U ikiwa haiuziki, Iwata alijikata nusu ya mshahara kwa miezi mitano, na wakurugenzi wenzake wakakatwa pia. Alikwisha eleza mbele ya wanahisa kwamba mtu anayeishi kwa hofu ya kuachishwa hawezi kutengeneza kitu cha kumgusa mchezaji. Namheshimu kwa hilo. Lakini katikati ya mwaka uleule, Nintendo ya Ulaya ilifunga ofisi yake ya Großostheim, Ujerumani, na wafanyakazi wa kudumu wapatao 130 wakapoteza nafasi zao. Hao hakuna anayewakumbuka.

Njia nyingine ni kuuza. Mei 2022 Square Enix ilitangaza kuiuzia kampuni ya Embracer ya Uswidi studio za Crystal Dynamics, Eidos-Montréal na Square Enix Montréal kwa dola milioni 300. Kabla mwaka haujaisha, ile ya tatu ilifungwa. Januari 2024 Eidos-Montréal ikapunguza watu 97. Aliyetajwa kwenye habari ni tajiri mpya, na yule wa zamani hakuguswa na lawama.

Hata ndani ya Japani kuna shinikizo lisiloitwa kufukuzwa. Kuna kuombwa ujiuzulu “kwa hiari” kwa kupewa kiinua mgongo kikubwa, na kuna kunyimwa kazi mpaka mtu achoke aondoke mwenyewe. Oktoba 2024 Bloomberg iliripoti jambo la aina hii ya pili kuhusu Bandai Namco, kampuni nyingine ya gemu ya Japani, na kampuni hiyo ikakana.

“Waliopunguzwa ndio walioharibu gemu”

Maneno haya huniuma kuliko mengine. Kuna mashabiki walioshangilia, wakisema sasa Wazungu wametolewa na gemu zitarudi kuwa za Kijapani. Basi tuangalie nani aliamua nini. Kulifunga Final Fantasy XVI kwenye PlayStation 5 peke yake lilipotoka Juni 2023 ni uamuzi wa makao makuu. Forspoken, iliyotoka Januari 2023 na kupokelewa vibaya, ilitengenezwa na Luminous Productions ya Tokyo. Studio hiyo ilimezwa na kampuni mama miezi michache baadaye.

Sasa waangalie wa nje. Wapo wanaotangaza na kuuza gemu, wanaojibu wachezaji, wanaotafuta studio ndogo zenye vipaji. Gemu ya Life is Strange ililelewa upande wa Ulaya. PowerWash Simulator, gemu ya kuosha kuta na magari kwa maji ya presha ambayo hakuna aliyetarajia ipendwe hivyo, ilitolewa kupitia Square Enix Collective, kitengo kidogo cha watengenezaji huru. Na sauti za Final Fantasy XVI unazozipenda, ikiwemo ya Ben Starr kama Clive, mhusika mkuu, zilirekodiwa kwa Kiingereza na waigizaji wa Uingereza. Hiyo gemu “ya Kijapani” ni jasho la mabara mawili tangu mwanzo.

“Tungenunua nakala nyingi zaidi, wangebaki”

Tusijibebeshe mzigo usio wetu. Mwaka 2013 gemu yao ya Tomb Raider iliuza nakala milioni 3.4 ndani ya wiki chache, na Square Enix bado ikasema iko chini ya matarajio. Matarajio hupangwa na wakubwa, kulingana na pesa walizomwaga. Yakipangwa vibaya, hata gemu iliyopendwa huhesabiwa imeshindwa.

Sifa nazo hazimlindi mtu. Tango Gameworks ya Tokyo, studio iliyomilikiwa na Microsoft, ilitoa gemu ya Hi-Fi Rush mwaka 2023, ikasifiwa kila kona, na Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga. Kampuni ya gemu ya Krafton ya Korea Kusini ndiyo iliyokuja kuichukua miezi michache baadaye.

“Ni akili mnemba iliyowafukuza”

Bado, ila wasiwasi wenyewe si wa bure. Katika tangazo lilelile la Novemba, kampuni ilisema inataka ifikapo mwisho wa 2027 asilimia 70 ya kazi ya kukagua gemu na kusaka hitilafu ifanywe na akili mnemba, kwa kushirikiana na maabara ya Chuo Kikuu cha Tokyo. Ukaguzi huu ni kazi ya kuchosha. Mkaguzi humsukuma mhusika dhidi ya ukuta mmoja baada ya mwingine, huchomoa pedi katikati ya pambano, hubadili lugha wakati gemu inajihifadhi, kisha huanza upya toleo jipya likija. Sehemu ya hayo mashine itayaweza. Lakini mkaguzi ndiye pia anayesema “hapa panachosha” au “hii kamera inanitia kizunguzungu”, na watu wengi wameingia kwenye utengenezaji kupitia mlango huu. Mlango ukizibwa, wanaoanza wataingilia wapi? Hilo ndilo swali ambalo tangazo halikuligusa.

“Tukiwashambulia mitandaoni, wakubwa watatusikia”

Anayesoma ujumbe wako ni msimamizi wa ukurasa, au mchoraji aliyeandika kwaheri usiku ule. Januari 2025 Square Enix ilitangaza sera dhidi ya unyanyasaji kutoka kwa wateja: vitisho, matusi na kumwandama mfanyakazi vinaweza kukukosesha huduma au kukufikisha mahakamani. Naiunga mkono sera hiyo kikamilifu.

Waliokata shauri wako kwenye bodi, na bodi hujibu mbele ya wanahisa kila Juni. Final Fantasy XIV ilipoanguka vibaya mwaka 2010, uongozi ulibadilisha wakuu wa mradi, ukampa Naoki Yoshida, na gemu ikajengwa upya na kurudi Agosti 2013. Leo ndiyo nguzo ya kampuni. Wenye maamuzi walishawahi kuchagua njia hiyo, na hicho ndicho cha kuwauliza: kwa nini safari hii hawakuichagua kwa watu wa London?